Bedford ya jeshi na usukani wa pawa: anza na injini

Kila anayeniletea lori la zamani la jeshi hapa gereji, Nyakato, huanza na ombi lilelile: "Fundi, niwekee pawa, mabega yameisha." Nami humuuliza kwanza, injini gani inabaki humo ndani? Wapo wanaodhani nakwepa kazi. Pampu ya usukani inakaa kwenye injini na kuzungushwa na injini, kwa hiyo ukifunga pawa leo juu ya injini utakayoing'oa mwakani, pampu, mabomba, tanki na vishikizo vyote utavilipia mara mbili. Hii ni kazi moja yenye milango miwili, na mlango wa kwanza ni injini.

Nitaeleza kwa gari nililolimaliza karibuni, Bedford RL ya mzee mmoja wa Igoma anayebeba mawe na mchanga. RL ndiyo lori lililobeba jeshi la Uingereza tangu miaka ya 1950: tairi zote nne zinavuta, dereva anakaa mbele juu ya ekseli, matairi ni 11.00-20 moja moja. Injini yake ya asili ni petroli, silinda 6, lita 4.9. Chuma chake ni kizuri kupita malori mengi ya leo, ila usukani wake hauna msaada wowote, na petroli linayokunywa hailipwi na tripu ya mawe. Mzee alinisimulia kwamba kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, kila alipopanda kivuko utingo wake alikuwa anashika usukani upande wa pili, wanauvuta wawili, huku mhudumu wa kivuko akiwapigia kelele wasogee ukingoni. Alipofika kwangu alisema neno moja tu: "Mwanangu, sitaki kuliuza."

Kabla ya kununua chochote, hakikisha usukani ni mzito kwa sababu ya haki. Inua ekseli ya mbele kwa jeki mpaka matairi yote mawili yaache ardhi, kisha zungusha usukani kwa mkono mmoja. Ukiwa bado mzito, tatizo haliko kwenye kukosa pawa. Chomoa dragilinki, lile bomba linalopeleka mwendo wa usukani kutoka kwenye boksi hadi kwenye tairi, halafu sukuma tairi kwa mikono. Tairi likigoma, kingi pini, yaani pini ambazo tairi la mbele hugeukia, zimekauka au beringi zake zimekufa. Tairi likienda laini, geukia boksi la usukani na bushi za nguzo yake. Lori la mzee lilikuwa na kingi pini ya kushoto isiyoonja grisi kwa miaka. Tulipoitengeneza, uzito ulipungua sana, na hata hivyo likiwa na mzigo bado lilikuwa kazi ya watu wawili. Ukiweka pawa juu ya kingi pini iliyokwama, utakuwa unailazimisha kwa haidroliki mpaka kitu kingine kivunjike.

Sasa injini. Watu hubishana nguvu za farasi. Mimi nauliza mambo matatu: spea zake ziko wapi hapa mjini, inazunguka mara ngapi kwa dakika ikiwa na raha yake, na inakuja na pampu ya usukani au haiji.

Bedford yenyewe ilikuwa na dizeli ya lita 5.4, ile iitwayo 330, iliyotumika kwenye MK, lori lililoirithi RL. Kwa ukoo ndiyo ya karibu zaidi. Lakini ukitafuta ringi za 330 Mwanza, utatafuta mpaka ukate tamaa, na lori la kazi halisubiri kifurushi.

Perkins 6.354 naiheshimu. Namba 354 ni inchi za ujazo, yaani lita 5.8. Kipenyo cha silinda ni kidogo na mwendo wa pistoni ni mrefu, inchi 5 kamili, kwa hiyo inavuta kutoka chini kabisa. Inatoa farasi kama 115 hadi 120 kwa mizunguko 2,800, inayokaribiana na petroli ya zamani, hivyo giaboksi na ekseli za Bedford haziteseki. Spea zinapatikana kupitia trekta kubwa na majenereta. Kasoro yake kwetu ni kwamba nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye jenereta au mashine ya kusaga, hazina pampu ya usukani, na itabidi utengeneze kishikizo na puli uendeshe pampu kwa mkanda. Mkanda ukilowa oili au ukikatika kwenye mteremko, pawa inaondoka mkononi mwako bila taarifa.

Toyota 1HZ inatajwa kila siku kwa sababu Land Cruiser zimejaa. Lita 4.2, injini ngumu, haina makuu. Iache kwenye Land Cruiser. Nguvu yake ya kuvuta ni kama niutoni-mita 285, nayo inaipata ikizunguka mizunguko zaidi ya 2,000. Kwa lori lenye tani zaidi ya nne likiwa tupu, utaishi gia ya pili na ya tatu maisha yako yote.

Zinabaki za lori za Kijapani, na hapo ndipo pesa yangu ingekwenda. Isuzu 6BD1 ni lita 5.8, kipenyo milimita 102 na mwendo 118, vipimo vilevile vya 4BD1 ya silinda nne iliyoenea kwenye malori madogo. Kaka yake 6BG1 ni lita 6.5. Mitsubishi 6D14 ni lita 6.6, kipenyo 110 na mwendo 115. 6D16 ina mwendo uleule wa 115 lakini kipenyo kimepanda mpaka 118, ikawa lita 7.5. Zote ni volti 24, na kwenye nyingi pampu ya usukani inazungushwa kwa gia za taimingi, si kwa mkanda. Hilo la gia ndilo linalonifanya nizipende kuliko Perkins kwa kazi hii.

Mzee alitaka 6D16 kwa sababu jirani yake anayo kwenye Fuso. Nilimkatalia kwa heshima. "Mzee, injini itapanda mlima, lakini ekseli zako zilitengenezwa kwa petroli ya lita 4.9. Ukiweka mawe na kukanyaga kwenye tope, kitakachosalimu amri ni shafti ya nyuma." Tukaenda na 6D14. Haizidi mno, na Fuso zimejaa barabara ya Shinyanga na ya Musoma kiasi kwamba fundi wa barabarani anaifahamu kwa kuisikia. Kama nafasi ya urefu ingekuwa imebana zaidi, ningechagua 6BD1 bila kusita.

Ukienda kununua, usinunue injini peke yake. Nunua pua nzima ya lori lililokatwa: injini na giaboksi yake, rejeta, altaneta, kompresa ya upepo, pampu ya usukani na tanki lake, mabomba ya presha, boksi la usukani na mkono wake wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma dragilinki) ukiwa bado umefungwa, dragilinki, na kipande cha kwanza cha propela. Tafuta la usukani wa kulia kama magari yetu, na sababu nitaieleza. Omba iwashwe ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili na uweke kiganja juu ya tundu. Pumzi ndogo ni kawaida, lakini ikikusukuma mkono na moshi ukatoka kwa mapigo, ringi zimechoka.

Kuingiza injini kwenye RL kuna neema moja: giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma imekaa peke yake, imeungwa na giaboksi kubwa kwa shafti fupi. Kwa hiyo huhitaji sahani ya kuunganisha dizeli ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza. Weka injini na giaboksi yake, kisha kereza shafti fupi mpya yenye krosi mbili. Uma za shafti hiyo zitazamane mstari mmoja, na pembe ya mbele iwe sawa na ya nyuma, la sivyo gari litatetemeka na utailaumu injini bure.

Hesabu ya mwendo ifanye kabla ya kuchomelea kishikizo chochote. Weka alama ya chaki kwenye propela, zungusha tairi moja mzunguko mmoja kamili huku la pili limezuiwa, hesabu propela imezunguka mara ngapi, kisha zidisha mara mbili, kwa sababu difu inagawa. Zidisha jibu hilo kwa uwiano wa gia ya juu. Tairi la 11.00-20 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 3.4. Tuseme jumla imetoka 7 na injini inazunguka 2,800: mara 3.4, mara 60, gawa kwa 1,000, gawa kwa 7, unapata kilomita 81 na kidogo kwa saa. Kwa lori la mawe hiyo inatosha.

Jambo lililonichukua siku nzima ni sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Sampo ya Fuso haikutengenezwa kupita juu ya ekseli inayovuta. Ukiangalia kwa macho lori likiwa limesimama, utaona nafasi ya vidole vitatu na kuridhika, lakini springi zikibonyea kwenye shimo ekseli inapanda. Kijana wangu alileta udongo wa kichuguu, tukaukanda na maji kama wa kufinyanga, tukatengeneza madonge tukayapanga juu ya difu na juu ya bomba la ekseli. Tukatoa vizuizi, tukapakia mawe mpaka springi zikafika kwenye mpira wa mwisho, tukapakua. Madonge mawili yalikuwa yamebaki mazima. La tatu, upande wa propela ya mbele, lilikuwa limelala bapa kama chapati. Pale pale ndipo tulipokata sampo na kuiinua, na kina kilichopotea tukakirudisha kwa kuitanua upande wa pili, ili oili ibaki kiasi kilekile. Kumbuka pia kuurefusha au kuupinda mrija wa kuvuta oili ufuate kina kipya.

Breki usizisahau. Kama za lori lako zinasaidiwa na vakyumu inayotoka kwenye manifoldi ya petroli, dizeli haina vakyumu hiyo. Utahitaji pampu ya vakyumu au uhamie kwenye upepo wa kompresa. Gari lisitembee hata mita 10 kabla hilo halijakamilika.

Sasa usukani. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuacha boksi la zamani na kuongeza silinda ya haidroliki inayosukuma tairodi, chuma kinachounganisha matairi mawili ya mbele. Inafanya kazi, ila inaongeza viungio na mabomba chini ambako mawe yanaruka. Ya pili ni kuondoa kiungo cha chuma kabisa na kuendesha tairi kwa mafuta tupu, kama mashine ya kunyanyulia mizigo. Nimeyaona malori ya mchanga yamefanywa hivyo, na mimi siifanyi kwa malipo yoyote. Bomba likipasuka, usukani unazunguka mkononi na tairi haisikii. Ya tatu ni boksi lenye pawa ndani yake, ambalo injini ikizima bado linageuza matairi kwa chuma, kwa uzito lakini linageuza. Hiyo ndiyo njia.

Kabla ya kufungua bolti hata moja ya boksi la zamani, egesha gari pasawa, matairi yanyooke, mzigo uwe wa kawaida. Chukua chuma cha pembe, kifunge kwa bolti kwenye matundu ya zamani ya chesesi, na mwisho wake uweke ncha iliyochongwa kama kidole, ielekee katikati kabisa ya bolijointi, kiungo cha mviringo mwishoni mwa mkono wa pitmani. Kidole hicho kisiguswe na mtu mpaka kazi iishe. Boksi jipya linaweza kukaa popote patakaporuhusu, lakini bolijointi yake lazima irudi kwenye ncha ya kile kidole. Ikihama juu au chini, kila tairi litakaporuka kwenye shimo usukani utajikata wenyewe, na hakuna pawa itakayoponya hilo.

Halafu chukua chaki. Mwambie mtu azungushe usukani kulia, nawe andika kwenye chesesi mshale unaoonyesha mkono wa pitmani unaelekea mbele au nyuma. Boksi jipya lifanye vivyo hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya pawa, miaka mingi iliyopita, nilinunua boksi zuri, safi, la bei nafuu, lililotoka kwenye lori la usukani wa kushoto. Nilitoboa chesesi, nikafunga, nikajaza oili. Nilipozungusha kulia, matairi yalikwenda kushoto. Yalikuwa bado kwenye jeki, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini mwenye gari alipoteza wiki nzima ya kazi na chesesi yake ilibaki na matundu yasiyo na haja.

Urefu wa mkono wa pitmani hesabu, usibahatishe. Pima dragilinki inatembea milimita ngapi kutoka mwisho wa kushoto hadi wa kulia. Kisha funga boksi jipya kwenye jiliwa, bandika protrakta ya mwanafunzi nyuma ya shafti yake, na uone inageuka nyuzi ngapi. La kwetu liligeuka nyuzi 90 kwa mizunguko minne na nusu ya usukani. Nikaacha robo mzunguko kila upande, ili vizuizi vya ekseli viguse kabla boksi halijafika mwisho wake wa ndani. Zikabaki nyuzi 80. Kwa nyuzi 80, mwendo ni urefu wa mkono mara 1.29. Dragilinki ilihitaji 280, kwa hiyo mkono wa 217 kati ya tundu na tundu. Kwenye rundo la spea tukapata wa 215 wenye meno yaleyale ya boksi.

Mkono wa pitmani haukatwi, hauchomelewi, haupashwi moto ili upindwe. Ukikosa urefu, endelea kutafuta. Nimeuona uliochomelewa ukiwa umekatika kwenye mteremko wa Mkolani, mahali palepale pa weldi, na lori likiwa limelala kwenye mtaro.

Dragilinki itakuwa chotara: mbele ncha ya Fuso, nyuma ncha ya Bedford. Nenda kwa fundi kereza na bomba nene lisilo na mshono, akate uzi wa ndani kila upande kulingana na ncha, na kila mwisho uwe na klampu ya kubana. Hapa pia weldi haina nafasi.

Boksi hulibana kwenye sahani ya milimita 10, nyingine ya namna hiyo ndani ya chesesi, na kati yake mirija ya chuma ili bolti zisiivunje chesesi zikikazwa. Bolti za milimita 14 zenye maandishi 10.9 kichwani. Toboa ubavu wa chesesi tu, kamwe usitoboe ukingo wa juu au wa chini.

Pampu na boksi vitoke kwenye lori moja, na vita vya presha vitakuwa vimekwisha. Ukivichanganya, soma bamba la boksi na upime pampu kwa geji: funga vali kwa sekunde zisizozidi 5, soma, fungua. Ukizidisha, unaipika pampu. Tanki liwe juu ya pampu, bomba la kurudi liwe pana, lisipindwe kwa ukali. Tumia ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki. Mafuta ya breki yakiingia humo kwa makosa, sili zote zitavimba na kuoza.

Kutoa hewa: matairi ya mbele juu, injini imezimwa, jaza tanki, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 10 au zaidi huku mwenzako akiongeza oili. Ndipo uwashe, injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, na uzungushe polepole bila kushikilia mwisho. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, zima, iache itulie nusu saa, rudia. Mlio wa kulialia ni hewa, mara chache sana ni pampu.

Makaratasi yanahitaji siku yake. Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, kwa hiyo tunza risiti ya injini na uende TRA ukabadilishe kabla trafiki hajakuuliza. Na ile rangi ya kijani ya jeshi, piga nyingine. Mzee alichagua bluu ya ziwa.

Siku ya kwanza tulijaribu uwanjani, bila mzigo. Nilimwomba mzee akate kona, kisha nikazima injini katikati ya kona ili aone mkono unavyolemewa na ajue bado anaweza kulinyoosha. Alilinyoosha. Tulipowasha tena alikata kushoto mpaka mwisho kwa kiganja kimoja, akatulia, akamwita utingo aje aone.

Bolti zote za boksi, za mkono na za dragilinki zikishakazwa, chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Kaza tena baada ya kilomita 100, tena baada ya 500. Kila asubuhi kabla ya kupakia, utingo ainame na tochi aiangalie mistari hiyo. Mmoja ukiwa umehama, lori halitoki.